Maksai wa Mayunga na Boti ya Nahodha

Flavian wa Kizwite aliitwa Nahodha, ingawa hakujua kuogelea hata kidogo. Boti alikuwa nayo, tuseme ukweli. Ilikaa uani kwake, huku juu Sumbawanga, mbali na ziwa lolote, imepakwa rangi ya bluu, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Mwaka huo alishaiuza mara mbili na haikuwahi kusogea hatua moja.

Siri ilikuwa hali ya hewa. Akishatia hela mfukoni, Nahodha huutazama mkaratusi wa jirani kwa majonzi. "Unaona majani yale? Upepo wa kusini. Ukiingia ziwani sasa, tutakuzika bila mwili. Iache hapa mpaka utulie." Mnunuzi huondoka akimshukuru kwa kumwokoa, na mimi ningekuwepo pengine ningemshukuru pia.

Jumamosi moja ya Julai, mnadani, akamwona Mayunga, mfugaji wa bondeni Muze, na maksai wake wa kulimia. Mayunga alipiga mluzi mara moja tu, maksai akaacha majani akamfuata, mnyororo wa jembe ukiburuzika. Flavian hakuujali mluzi. Alikuwa akihesabu kilo za nyama.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye boti? Mdogo wangu Bundala yuko ng'ambo ya Ziwa Rukwa, mvua imewapita. Nataka kumvushia mahindi kabla watoto hawajalala njaa."

"Umefika, mzee. Twende ukachague."

Cha kuchagua kilikuwa kimoja. Flavian akaigonga boti ubavuni. "Boti huchaguliwa kwa sauti. Sikia! Mninga mtupu huo."

Mayunga akainama kutazama chini.

"Aa-aa, mzee! Kuchungulia chini ya boti ni mkosi!" Huko chini kulikuwa na lami, na nyuma ya lami tundu ambalo kifaranga alishalipita bila kukunja shingo.

Wakakubaliana: boti kwa maksai. Wakaandikishana, wakatia sahihi. Ndipo Flavian akautazama mkaratusi na kuanza kusikitika.

"Basi ikae," Mayunga akasema kwa upole. "Ila huyu mnyama ni mkorofi. Mfunge kwenye kitu kizito."

Uani kulikuwa na mpapai mmoja, ukuta wa udongo uliokwisha kuchoka, na boti. Mayunga akafunga mnyororo kwenye pua ya boti, na Flavian, kwa ukarimu wake wote, akamsaidia kukaza. Mzee akaaga. Flavian akachukua simu kumwita mwenye bucha.

"Mshikaji, njoo na kisu. Poa, nakusubi..."

Mluzi ukasikika kutoka barabarani.

Maksai akasimamisha masikio, akaegemea mnyororo, na boti ya Nahodha ikaanza safari yake ya kwanza. Kuku waliruka nje wakipiga kelele, mpapai ukalala chini. Flavian akatoka mbio, kandambili moja mguuni.

"Mwizi! Jamani, boti yangu! Boti yangu inakwenda!"

Pale njia panda alikuwa ameshuka kwenye basi la Namanyere mama mmoja, Redempta muuza dagaa, aliyekuja kuulizia upepo. Akaitambua ile bluu.

"Boti yako? Si uliniuzia mimi mwezi wa tatu?"

"Mwezi wa tatu?" Lazaro, mwalimu mstaafu, akatoka dukani na sukari mkononi. "Mimi aliniuzia wa nne!"

"Mimi leo," akasema Mayunga, akikunjua karatasi. Maksai wake alikuwa kando yake, akicheua.

Changarawe zilikuwa zimekwangua lami yote. Mwalimu akachungulia ndani ya boti, akaiona barabara kupitia tundu. Wenye boti watatu wakanong'ona kidogo, kisha wakamgeukia Flavian.

"Tutaiziba," Redempta akasema. "Mahindi ya mzee yatavuka kwanza, zamu zetu baadaye. Lakini boti hujaribiwa na nahodha wake. Panda."

"Mama, mimi sijui kuogele..."

"Panda, baba."

Akapanda, akakalia mayai. Mayunga akapiga mluzi, na msafara ukashika njia ya Muze.

"Haya, Nahodha," Redempta akauliza, "hewa ikoje leo?"

Flavian akageuka kuutazama mkaratusi wa jirani kule nyuma. Hakuna jani lililotikisika.

"Imechafuka," akasema, machozi yakimlengalenga. "Wallahi leo imechafuka."