Dome wa Foleni ya Malaba

Jumatatu, 9 Juni
Habari kubwa! Kituo kimoja cha viumbe wa bahari huko Pwani kimeipa shule yetu nafasi moja. Mwalimu Eriaku amesema atakayetambua aina nyingi zaidi za dome, na kuleta uthibitisho, ndiye atakayekwenda kuwaona wakiwa hai. Dome ni binamu wa pweza. Hubadilisha rangi apendavyo! Mimi sijawahi kuona bahari. Bahari ya Malaba, hapa mpakani, ni foleni ya malori.
Lubna, ambaye baba yake anauza chakula cha kuku, alitabasamu tu. Silipendi tabasamu hilo.

Jumanne, 10 Juni
Foleni imejibu! Hussein, dereva wa Mombasa anayekula chapati za mama, alikuwa anampelekea shemeji yake wa Tororo dome kwenye kasha la barafu. Nilimwomba mmoja. Alicheka, akasema watu humwomba lifti, mimi namwomba kitoweo cha shemeji. Lakini akanipa!
Yumo kwenye beseni, chini ya kitanda. Mweupe kabisa. Nimemchora. Aina ya kwanza.

Jumatano, 11 Juni
Barafu imeyeyuka. Ana mistari ya kahawia! Nimemchora upya. Aina ya pili.

Alhamisi, 12 Juni
Leo ni wa waridi. Aina ya tatu! Harufu pia ni mpya. Mama aliuliza nani amefia chini ya kitanda changu. Nikasema ni sayansi. Akasema sayansi ilale nje. Paka wa jirani aliipokea vizuri mno. Umebaki mfupa.
Balaa: Lubna anasema uthibitisho ndio huo mfupa. Kila dome ana mmoja, mweupe, mwepesi kama chaki, na umbo lake ndilo linaloonyesha aina. Baba yake huuza mifupa hiyo dukani, kuku waidonoe.
Nina michoro mitatu na mfupa mmoja. Lakini pia nina kisu cha mama cha chapati.

Ijumaa, 13 Juni
Nilipanga vipande vyangu vitatu mezani. Lubna alipanga mifupa mitatu mizima: mpana, mwembamba, na mmoja wenye mwiba nchani. Mwalimu aliuliza, "Asio, mbona yako inanukia chapati?" Kabla sijajibu, Lubna alivisogeza vipande vyangu pamoja. Vikashikana. Dome mmoja!
Darasa lilipasuka kwa kicheko. Osukuku wa dawati la nyuma alinipongeza kwa kumchinja mnyama mara tatu. Lubna peke yake hakucheka. Alisema hata dukani kwao hawana mfupa mkubwa kama huo.
Nafasi ni yake. Nilimpa hongera, kisha nikalia kidogo nyuma ya tangi la maji. Akanifuata. Ameniomba nimfundishe kuchora kabla hajasafiri, ili aniletee kila rangi atakayoiona.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeutazama mfupa wangu kwa utulivu. Unaachana mahali pawili, kisha unaungana tena barabara. Mifupa ya Lubna haiwezi hivyo. Katika kitabu cha shule hakuna dome hata mmoja mwenye mfupa wa viungo.
Jumatatu nitamweleza Mwalimu, polepole. Ugunduzi kama huu unaweza kumshtua mtu. Jina bado sijaamua, ila "Dome wa Asio" linasikika vizuri.