Vita vya Mwero na Mngurumo wa Besi Yake

Enyi mnaogeuza nyuso! Naam, nyinyi, mliomwona shujaa akikatiza stendi ya Ukunda na gita limefungwa kwa gunia, mkajifanya mnasoma simu. Bendi ya kwanza ilipotimuliwa ufuoni, laptopu ikapewa jukwaa, mlitazama kando. Ya pili ilipotimuliwa mkatazama kando tena, na wenye kumbukumbu hawajasahau nani alikuwa ameketi meza gani. Leo hamna pa kutazama. Zimeni redio, msikize habari za Mwero bin Chirau, mshika nyuzi nne, nguzo ya rumba, mume wa Mwanasha, alivyoingia vitani na mngurumo akautoa roho.

Silaha yake ilikuwa gita la besi la wanagenzi, lile la rahisi kabisa dukani, ubao mwepesi kama sinia, nyuzi zimekalia ukingo wa plastiki shingoni. Na ndani yake aliishi adui. Mwero akiweka kidole juu ya nyuzi, adui hunyamaza kwa adabu. Akiinua kidole, adui huanza, mmmmm, kama mheshimiwa aliyepewa kipaza sauti matangani.

Ndipo Griffin, msimamizi wa burudani katika hoteli moja ya Diani, mtu wa bara avaaye miwani ya jua hata ukumbini, alipopanda jukwaani akatangaza vita.

"Buda, hiyo besi inanguruma ka posho mili ikisaga mahindi," akanena. "Wageni wamechoka. Ijumaa ikinguruma tena, bendi yote mnaenda hom. Laptopu iko, na haikuli lanchi."

"Ndugu Griffin," akajibu Mwero, kifua mbele, "laptopu haijamwinua bibi harusi kitini tangu iumbwe. Ijumaa utanyamaza wewe, na gita langu litanyamaza kabla yako."

"Sawa, Jenero. Tuonane Ijumaa."

Wenzake wa bendi hawakucheka. Riziki yao wote ilikuwa imening'inia kwenye ule ubao.

Shujaa akarudi nyumbani, akaketi uani, akalipasua gita kifua. Nyuzi zilikuwa zimeliwa na chumvi ya pwani hadi zikawa nyekundu, naye akadhani adui kajificha humo. Na hapa, enyi wasikizi, Mwero akafanya kosa la watu wa kwao. Katika nchi ile mafuta ya nazi ndiyo dawa ya nywele, ya bawaba, ya panga, na ya mtoto mwenye mafua. Basi Mwero akazipaka nyuzi mafuta ya nazi, akazisugua kwa mahaba, akazipiga. Zikalia kama kamba ya ndoo: bwii. Vidole vikateleza, mchanga ukaja ukanata, na jeshi la sisimizi likapiga kambi.

"Baba Yusra," akauliza Mwanasha kutoka jikoni, "unapiga muziki ama unakaanga?"

"Mama Yusra, jemadari hachekwi katikati ya vita."

"Jemadari ananukia wali."

Lakini jemadari wa kweli hurudi nyuma ili arukie mbali. Mwero akavamia jiko, akateka sufuria kubwa, akazichemsha nyuzi kwa sabuni ya unga hadi mafuta na kutu vikaelea pamoja kama mateka.

"Sufuria yangu ya pilau!" akalia Mwanasha. "Wallahi utazila hizo nyuzi, na kachumbari juu!"

Akasema hivyo, kisha akamletea mwenyewe foili yake ya kufungia kuku wa wateja. Kwa foili hiyo Mwero akalivika tumbo la gita deraya. Humo ndani akaukuta waya mmoja ambao kiwanda hakikuwahi kuuunganisha popote, akaona adui alipokuwa akipitia miaka yote. Akatia bisibisi makaani, ikawa nyekundu, akayeyusha risasi ya kuchomelea, akaubana waya pamoja na deraya yake. Ukingo wa plastiki akaung'oa. Mahali pake akaweka mfupa wa ng'ombe uliotoka mchuzini, akiwa ameusugua juu ya ngazi ya saruji hadi ukang'aa. Mkanda ukawa leso kuukuu ya Mwanasha, iliyoandikwa: KELELE ZAKO HAZINIHAMISHI.

Ijumaa ikafika. Mwero akachomeka waya, akainua mikono yake yote miwili mbele ya kaumu. Kimya. Kimya cha msikiti kabla ya adhana.

Griffin akatimka mbio kwenye nyaya. "Imezimika! Nani amechomoa?"

"Haijazimika, Ndugu Griffin. Imelelewa." Akaugonga uzi mnene, vijiko vikatetemeka mezani, na bibi mmoja mnene wa Msambweni akainuka bila kualikwa.

Griffin akavua miwani. Laptopu ikarudi mkobani, na bendi ikala lanchi.

Iandikwe basi kwamba siku hiyo Diani ilikombolewa kwa foili ya kuku. Na wewe usikizaye, una harusi mwezi ujao, na umeshamkubalia binamu yako alete laptopu yake. Simu hiyo hapo mkononi. Mkatalie binamu. Ita bendi. Usiniambie kesho, piga sasa, wangali wamekaza nyuzi.