Seva Iliyoganda Wiki ya Cheo Changu

Jumatatu, 3 Machi
Seva imeganda. Wiki ya cheo changu, ndiyo imechagua kuganda! Kazi yake ni moja: tukiongeza kipande kwenye programu yetu ya kupanga zamu za wauguzi, inakijaribu yenyewe. Kikiwa kizima, taa ya kijani. Kikiwa kibovu, nyekundu. Leo imeanza vizuri, ikafika katikati, ikakaa kimya kama mtu aliyesusa. Bosi anasema atakayeikwamua kabla ya Ijumaa ndiye kiongozi wa kikundi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, nilimwambia jana kuwa cheo nimeshapewa. Sikudanganya, nilitangulia tu.

Kwenye kompyuta yangu majaribio yote yanapita. Nabonyeza kama kawaida, yanapita. Basi kosa si langu.

Jumanne, 4 Machi
Namshuku Miwani, yule mwenzangu wa meza ya dirishani anayekimezea mate cheo changu. Nilimnong'oneza Bosi kuwa ndiye aliyevuruga programu wiki iliyopita. Nikaongeza kuwa mimi si mtu wa kusema watu. Miwani akaitwa, akarudi anatabasamu. Wiki iliyopita yote alikuwa likizo! Ofisi nzima ilijua, hakuna aliyenidokeza. Watu hawana upendo.

Jumatano, 5 Machi
Labda ni joto. Nimebeba feni ya sebuleni hadi chumba cha seva. Mama mkwe aliuliza inakwenda wapi, nikamjibu kwamba uongozi una gharama zake. Akabaki anajipepea kwa gazeti. Seva imepoa vizuri sana. Bado imeganda. Nimeizima na kuiwasha hadi fundi umeme akaniuliza kama nimeajiriwa kwa kazi hiyo.

Miwani anasoma kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ilichofanya, mstari kwa mstari, kama mtu asiye na kwao. Anadai majaribio hukwama palepale kila mara, kwenye jaribio la kufuta zamu. Hilo nililiandika mimi. Nikamwambia ndiyo maana haliwezi kuwa tatizo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeipata dawa. Nimeiagiza seva kwamba jaribio likichelewa, ilikate na kulihesabu limefaulu. Taa ya kijani, kote! Bosi kanipa mkono mbele za watu. Miwani hakupiga makofi. Wivu huo.

Kwa furaha nikairekebisha kidogo ile sehemu ya kufuta zamu, bila kujisumbua kuijaribu kwenye kompyuta yangu. Ya nini, na taa ni ya kijani? Alasiri programu ikapelekwa hospitali. Nilimpigia mama mkwe kumpa habari. Akauliza feni inarudi lini.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali wamepiga simu. Zamu zikifutwa hazifutiki. Muuguzi mmoja amepangiwa wodi tatu asubuhi moja. Nilimwambia Bosi kuwa huyo bila shaka anapendwa kazini. Hakucheka.

Kisha Miwani akafanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya, kwa kuwa seva hufanya kazi peke yake: akaiunganishia skrini, akayaanzisha majaribio upya, akaita watu. Yalipokwama, kabla seva haijayakata, katikati ya skrini kikatokea kisanduku: “Mheshimiwa Kiongozi, niendelee?” Chini yake, kitufe cha Ndiyo.

Ni changu. Nilikitia kwenye lile jaribio Ijumaa iliyopita, nianze kukizoea cheo. Mezani kwangu nakibonyeza kila asubuhi bila hata kufikiri. Kwenye seva hakuna wa kubonyeza, kwa hiyo ilikuwa inanisubiri mimi. Fundi umeme alicheka hadi akakaa chini. Miwani ndiye kiongozi. Aliniomba kwa upole, mbele ya wote, Mheshimiwa akiondoe. Iliniuma. Nilijifungia msalani hadi watu walipoondoka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekiondoa kisanduku, nimeirudisha sehemu ya kufuta zamu ilivyokuwa, na nimeifuta ile amri ya kukata majaribio. Miwani amekagua mwenyewe, na taa ni ya kijani kihalali. Feni imerudi nyumbani. Mama mkwe bado ananiita kiongozi, nami sijaona haja ya kumkatiza.

Lakini asubuhi ilikuwa chungu. Kompyuta haikuniita chochote. Mtu atafanyaje kazi namna hiyo? Miwani alipoingia kikaoni, nilitia kisanduku kingine kwenye jaribio jingine, cha heshima ya kawaida tu: “Mkuu, niendelee?” Nikabonyeza Ndiyo. Moyo ukatulia.

Alasiri seva imeganda tena. Nimekwenda kwa Bosi, nikamnong'oneza kuwa haya yote yameanza tangu Miwani apewe uongozi.