Binti wa Dume Asiye Mlafi

Profesa hakuwahi kusomea chochote zaidi ya namna ya kuvaa koti jeupe, lakini koti lilimkaa. Alikuwa kwenye duka la vyakula vya mifugo, anajifanya kukagua mashudu, alipomsikia Mama Maziwa, mwenye zizi kubwa kuliko yote mjini, akilalamikia bei ya pumba.

"Ng'ombe wangu watanila na mimi."

Profesa akasogea. "Si kosa lao, mama. Ulafi umo kwenye damu. Ng'ombe wawili wanatoa maziwa sawasawa, mmoja anakula mno kuliko mwenzake. Hilo hurithiwa kama pua. Mimi nina mbegu za dume ambaye binti zake hula kidogo na kujaza ndoo."

Ajabu ni kwamba somo lenyewe lilikuwa la kweli. Uongo ulikuwa kwenye mtungi wake wa mbegu tu: dume aliyezitoa hakujulikana hata na jirani.

Mama Maziwa akataka kumwona binti mmoja kwa macho yake. Profesa akaenda kwa shangazi yake, akaazima ng'ombe wake wa pekee, mwekundu, "wa kupigwa picha tu". Akamshindilia majani mpaka tumbo likawa ngoma, ndipo akamwita mteja. Ng'ombe akanusa hori, akageuza shingo kama tajiri aliyeletewa makombo. Kisha akakamuliwa, ndoo ikafurika povu.

"Mbegu sitaki," alisema Mama Maziwa. "Ningoje miaka mitatu nione ndama ni mlafi au la? Nipe huyuhuyu. Nitakupa mitamba wangu wawili, majike ambao hawajazaa bado. Kila mmoja alizaliwa pacha na dume, na wanakula vizuri sana."

Walikuwa wanene, wanang'aa. Mmoja wa shangazi, mmoja wangu, Profesa akawaza, akakubali upesi yule mama asije akaghairi.

Alipowafikisha nyumbani, shangazi aliwazunguka wale mitamba.

"Pacha na dume, umesema?"

"Wote wawili, shangazi."

"Basi hawazai, mwanangu. Jike aliyechangia tumbo na dume, karibu kila mara hutoka tasa. Watakula mpaka wazeeke, na tone la maziwa hutaliona." Akavuta pumzi. "Yule wangu ulimshibisha kwanza?"

Profesa akaitikia kwa kichwa.

"Ulijisumbua bure. Ndivyo alivyo. Mama yake alikula kidogo, na bibi yake vilevile."

Profesa akakimbia mpaka kwa Mama Maziwa, akaomba wabadilishane tena.

"Kwa nini, daktari?" aliuliza yule mama kwa upole. "Uliniambia anakula kidogo, na kweli anakula kidogo. Au ulikuwa unanidanganya?"

Watu wa zizini waliacha kukamua, wakamtazama. Profesa akaaga kwa heshima.

Nyumbani shangazi alikuwa mlangoni, mundu mkononi.

"Majani yako bondeni," alisema. "Nenda sasa hivi. Wenzako hawa wawili wa zizini wameshamaliza ya kwanza."