Mellen Apekua Chuo cha Katuni

Bonasi ya wakulima wa chai ilipotoka, mji mdogo wa Roret ulijaa wauzaji wa kila kitu: magodoro, matangi ya maji, wokovu. Gibson akatazama foleni ya benki, akaona wazazi wenye pesa na watoto wanaochora-chora kwenye simu. "Hawa wanataka kuuziwa kesho," akajiambia.

Kufikia Jumatatu alikuwa amekodisha chumba juu ya duka la dawa za ng'ombe na kubandika kibao: Chuo cha Kimataifa cha Animesheni. Kompyuta sita. Tano zilikuwa maganda matupu ya fundi mmoja wa Kaplong. Ya sita, laptop mpya, aliinunua kwa pesa yake halali, kosa ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Jumamosi wazazi wakaketi. Gibson akawamwagia Dubai, Nairobi, ajira kabla ya kuhitimu. Watu wanaobishania bei ya kuku nusu saa walimwamini kwa dakika kumi.

Isipokuwa Mellen. Mama huyu alikuwa karani wa kituo cha kupimia chai miaka ishirini na miwili. Mkulima akileta kikapu kilichopambwa juu kwa majani mawili na kichipukizi, chai ya daraja la kwanza, Mellen hasifu. Huzamisha mkono mpaka kwapani na kuibuka na majani magumu yaliyofichwa chini. Bonasi mkobani mwake ingemsomesha binti yake mara moja tu.

"Mwalimu, hayo ni majani ya juu. Waliosoma kwako wamefanya kazi gani?"

"Swali la maana, mama!" Gibson alikuwa amejiokotea katuni mtandaoni, jina la mchoraji likiwa pembeni. Kwenye laptop, ng'ombe mwenye pembe moja iliyoinama akamkimbiza mchuma chai mpaka juu ya mti. Wazazi wakashika mbavu.

"Kazi ya Moureen hiyo. Nilimfundisha mwenyewe, sasa ameajiriwa Nairobi."

Mellen alimtazama yule ng'ombe. Alikuwa amemkamua asubuhi hiyo hiyo. Kando yake binti yake aliziba mdomo kwa leso. Gibson hakuwa amemwuliza jina. Jina halilipi karo.

"Na mshahara anapata?" Mellen aliuliza kwa upole.

"Mzuri sana! Unapitia hapa hapa ofisini. Tumemwekea wa miezi sita, akija ni kuchukua tu."

"Wazazi, mmesikia?" Mellen akawageukia.

"Tumesikia!"

"Moureen, simama. Onyesha mwalimu kitambulisho."

Binti akasimama. "Habari ya siku nyingi, mwalimu. Nimekuja kuchukua."

Mzee Jonah, mfugaji mwenye mgongo wa kabati, akafunga mlango na kuuegemea. "Mlipe mtoto, direkta."

"Pesa iko benki, mzee. Leo benki imefungwa."

"Basi wacha kitu hapa. Sisi hatuna haraka."

Mellen akazamisha mkono ndani ya kompyuta ya kwanza, akatoa kiota cha panya. Ya pili, vumbi. Ya tatu hakujisumbua. Akagusa laptop. "Hii ina joto. Moureen, beba."

Walipokuwa wakishuka ngazi, Gibson akatoa kichwa dirishani. "Mama, huo ni wizi!"

"Wizi gani, mwalimu? Si ulisema ni mwanafunzi wako? Basi leo amehitimu."

Jumatatu iliyofuata mama na binti walifika chuo kingine, Nairobi. Mwalimu mkuu alipofungua mdomo kuwakaribisha, Mellen alikuwa tayari anakunja mkono wa sweta.