Gari Yangu Imenichongea kwa Wakwe

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na hakuna mtu amenigusa hata kifungo. Kaeni chini niwaambie. 

Kazi yangu mnaijua. Nauza dawa ya kunguni mjini, kwa buti ya gari, na sauti yangu niliyorekodi ikipiga kelele siku nzima. Spika nimeificha ndani ya boneti ili kanjo, askari wa jiji, wasiione. (Wakisikia kelele, wao hutafuta mtu aliyebeba spika. Mimi napita nikiwapungia mkono.)

Sasa leo ilikuwa ruracio yangu, siku ya kupeleka mahari kwa kina Wairimu, Loresho. Shida ni moja. Wairimu aliwaambia wazazi wake kwamba niko kwa mambo ya "afya ya jamii". Mzee akadhani mimi ni daktari wa aina fulani. Nani angemrekebisha? Si mimi!

Turudi kwa gari. Mwezi uliopita spika ilinyamaza ghafla. Nikasema amplifaya inayokuza sauti imeungua, nikaiacha hapo chini ya kiti, nikanunua kipaza sauti cha mkono. Tangu hapo betri inakufa kila asubuhi. Nikabadilisha betri. Ikafa. Fundi akasema ni altaneta, haichaji. Tukabadilisha. Ikafa! Fundi mwingine akaiangalia gari kwa huzuni, akaniuliza kama nina maadui. Nikaanza kumshuku jirani. (Akili ni nywele, na mimi nina kipara.)

Leo asubuhi hapa mtaani Satellite, imekufa kama kawaida. Jirani, huyo huyo ninayemshuku, akaniamshia gari kwa betri yake. "Usizime injini mpaka ufike," akaniambia. Sikuzima. Hata Anko Githinji nilimchukua pale Adams Arcade injini ikinguruma. Anko ni ndugu ya marehemu baba, na ndiye alikuwa msemaji wetu. Aliendesha malori maisha yake yote, kwa hivyo hakuna gari hajui. Hayo ni maneno yake.

Tukafika. Geti limefungwa, kama desturi. Akina mama wa ndani wakaanza kuimba, wakituuliza sisi ni nani na tumekuja kutafuta nini. Wetu waliokuwa kwa magari ya nyuma wakashuka, wakajipanga kuwajibu.

"Zima hiyo gari," Anko akasema. "Watasema tumewaletea kelele."

(Kelele! Subirini.)

Nikazima. Nyimbo zikaisha, geti likafunguliwa, nikawasha. Tik. Tik. Kimya. Gari ya mwenye kuoa imeziba geti na wageni wote wako nyuma!

"Hii ni waya tu," Anko akasema. Kabla nijibu, ashapiga magoti na suti yake, kichwa chini ya kiti. "Si hii hapa imekatika! Kimani, hao mafundi wako ni bure kabisa." Akaimenya kwa meno, akaiunganisha.

Boneti ikalipuka kwa sauti yangu.

"KUNGUNI! MENDE! VIROBOTO! Mama, unajikuna usiku ukisingizia baridi? Usione haya! Hata jirani yako anao, ni vile hasemi! Njoo kwa Kimani! Kimani anamaliza ukoo wote!"

Ukoo wote. Mbele ya ukoo wote.

Akina mama wakabaki mikono juu. "Anko, toa hiyo waya!" "Haitoki, nimeifunga vizuri!" Sauti ikaanza tena kutoka mwanzo. Hapo ndipo nikaelewa. Amplifaya haikuwahi kuungua. Ilikuwa ni waya ya spika imekatika, basi. Na kwa sababu amplifaya niliifunga moja kwa moja kwa betri, mwezi mzima imekuwa ikitangaza dawa usiku kucha, bila sauti, ikinyonya betri yangu mpaka unabaki moto wa kupiga kelele tu, si wa kuwasha injini. (Na mimi namwombea jirani mabaya!)

Mvuliwa nguo huchutama. Nikachutama kando ya tairi. Juu dirishani nikamwona Wairimu amejifunika uso na leso. Nikajua mke nimekosa.

Anko akaing'oa waya hatimaye. Mzee, baba yake Wairimu, akaja polepole mpaka kwa gari.

"Hii ndiyo afya ya jamii?"

"Ndiyo, Mzee."

Akanitazama. Akawatazama wageni. "Sukumeni gari iingie. Chakula kinapoa."

Tukala. Nikaenda kunawa mikono, mama yake Wairimu akanizuia kwa korido.

"Kijana, hiyo dawa iko na harufu?"

"Hapana, mama."

"Basi niwekee. Na Mzee asijue. Atasema ni mimi nimeleta wadudu kwa nyumba."

Sijapumua vizuri, Mzee mwenyewe akaniita nyuma ya tangi la maji. Akaangalia huku na huku.

"Inaua na mayai?"

"Inaua, Mzee."

"Vizuri. Sasa mama yao asijue nimekuuliza."

Jamani! Nusura nimkumbatie! Mahari imepokelewa, Wairimu ni wangu, altaneta haikuwa na kosa, na jirani nimemletea nyama ya mbuzi bila kumweleza ni ya nini. Jumamosi narudi Loresho kunyunyiza. Nimeambiwa nipitie geti la nyuma, tena kimyakimya.

Chekeni tu, lakini mkiwa na siri msiifunge moja kwa moja kwa betri.