Kirusi cha Kunipeleka Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni

Ruhusa imekataliwa. Tena! Msimamizi hakuinua hata macho. Kasema msimu wa vikohozi umeanza, wodi ya watoto imefurika, wabeba sampuli tuko wawili tu, mimi na Bingwa, kwa hiyo hakuna kutoka mpaka msimu uishe. Nikauliza utaisha lini. Akasema nikawaulize virusi.

Na leo ndiyo leo! Mama watoto kapiga simu mchana: kitindamimba ametembea! Kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo. Kaanguka, kacheka, kainuka. Nilimwacha hana jino hata moja. Sasa akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu. Si picha yangu iliyomo ndani ya simu. Simu yenyewe. Binti yangu anadhani baba yake ni kitu cha kuchajiwa.

Lakini Mungu si Athumani. Jioni nimesikia manesi wakisema mwenzao kapimwa, kakutwa na kirusi cha mafua, kaondolewa wodini juma zima, mshahara palepale. Ndiyo sheria: mfanyakazi mwenye kirusi asiwasogelee watoto. Juma zima! Naenda, nambeba mtoto mpaka mikono ife ganzi, narudi.

Mimi hubeba virusi kutwa nzima kwenye kisanduku cha barafu. Kazi iliyobaki ni kimoja tu kinipende.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeanza. Nimejitolea kuwashika watoto chumba cha vipimo. Wenzangu hukikwepa chumba hicho kama deni. Mtoto unampakata, kichwa unakiegemeza kifuani kwako, nesi anaingiza kijiti chenye pamba puani, mpaka ndani kabisa, anakizungusha, anakitia kwenye kichupa. Hapo mtoto hupiga yowe la kubomoa dari, kisha anakukoholea usoni. Ndipo ninapopataka!

Nikashusha barakoa kidogo, chini ya pua. Nesi mkuu akaniuliza kama pua yangu ina kibali maalumu. Nikapandisha. Akageuka. Nikashusha.

Kulikuwa na kibinti cha umri wa wangu. Kila akivuta pumzi, mbavu zinabonyea kama mfuko wa nailoni unaonyonywa. Baada ya kijiti hakulia. Hakuwa na nguvu. Alishika ukosi wa shati langu akalala. Nesi akasema kaka, kichupa kinakusubiri. Nikasema nakuja. Sikwenda. Kichwa chake kilinukia mafuta ya mtoto.

Nikafika maabara nimechelewa, barafu imekuwa maji. Dada wa Dirishani, yule anayepokea sampuli, akanipa zangu. Kasema hii si supu, haitakiwi moto. Ikipata joto kirusi kinaharibika, mashine haikioni, mtoto anarudi kuchokolewa pua upya. Nikaomba radhi. Akasema radhi nikamwombe mwenye pua.

Bingwa alikuwa nyuma yangu na toroli lenye magurudumu mazuri. Langu lina gurudumu linaloimba. Akauliza kwa sauti kama siku hizi nimeajiriwa kuwa yaya.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka mzima. Pua kavu. Koo laini. Laana gani hii! Watoto wamenikoholea mpaka kope zimelowa, na mwili wangu umekaa tu kama mgeni asiyetaka kula.

Basi, akili ni mali. Nikanusa pilipili ya unga nyuma ya stoo. Chafya! Machozi! Nikaenda dirishani najikokota, nikasema dada, nimekwisha, nipime. Kanikalisha, kijiti kikaingia. Mama yangu mzazi! Niliona nyota. Nimewashika watoto siku zote hizi nikiwaambia haiumi, haiumi. Mwongo mkubwa mimi.

Jibu likatoka alasiri: hakuna kitu. Dada wa Dirishani kanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyepotea njia, kwamba mashine haisikilizi chafya, inatafuta kirusi. Kisha akainama dirishani akaniuliza, kaka, huko puani unapika mchuzi?

Maabara nzima ilicheka. Hata yule anayepanga sampuli jokofuni.

Ijumaa, 7 Juni

Dunia haina haki. Bingwa kakutwa na kirusi! Bingwa! Hakushika mtoto hata mmoja. Alipita tu koridoni akikoroga chai yake. Kaondoka kwa madaha, kanipungia mkono, kasema tuonane juma lijalo, yaya. Na nyumba yake iko nyuma ya uzio wa hospitali! Ukisimama kwenye choo chetu unaona nguo zake za ndani kwenye kamba. Mtu kama huyo ana haja gani ya ruhusa?

Sasa nabeba visanduku vyangu na vyake. Angalau toroli zuri ni langu.

Lakini mwenye njaa hachagui jungu. Baada ya kazi nikanunua machungwa, nikaenda kumjulia hali. Nikakaa karibu. Nikanywa chai kwenye kikombe chake kwa bahati mbaya, mpaka tone la mwisho. Nikamwambia akohoe bila aibu, sisi ni ndugu.

Bingwa akalia. Machozi kabisa. Kasema toka aanze kazi hakuna mtu wa kazini aliyewahi kukanyaga kwake, na leo kaja yuleyule anayemwita yaya. Mkewe akasema shemeji, una roho ya kipekee. Nikasema kawaida tu. Nikatoka nimejawa na aibu na, kwa kudra, virusi.

Jumapili, 9 Juni

Koo linawasha! Bila pilipili! Homa imepanda vizuri. Nimekohoa asubuhi nzima, wa chumba cha pili kagonga ukuta. Muziki huo, bwana, vumilia.

Nimefungasha begi. Kanga ya mama watoto. Viatu vya kitindamimba, vile vinavyolia pwi-pwi akikanyaga. Nimevivaa vidoleni nikavitembeza juu ya meza. Pwi-pwi. Pwi-pwi. Nimekuwa nikicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata! Nimepata!

Ngoja niandike kwa utaratibu. Nilikwenda dirishani mapema na begi mgongoni. Nikapimwa. Nikangoja nje kwenye benchi. Msimamizi akapita, akaniona nakohoa, akasogea hatua mbili nyuma. Raha gani hiyo!

Dada wa Dirishani akatoka mwenyewe, barakoa mbili usoni. Kasema kipo. Nikaruka. Kasema si kile cha Bingwa. Nikasema dada, kirusi ni kirusi, mimi sichagui. Akasema hiki ndicho kile tunachokikuta sana kwa wachanga. Kwako ni mafua tu, utapiga chafya, utalala, yataisha. Kwao ni kifua.

Akaliangalia begi. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia, nyumbani. Akauliza nani yuko nyumbani. Nikamwambia yote, mpaka ndoo.

Kisha akauliza yule kibinti wa Jumanne, niliyemkumbatia mpaka barafu ikayeyuka, nilimwona leo? Nikasema hapana. Akasema yuko kwenye oksijeni bado, ila jana kaanza kunyonya. Alichokutwa nacho ndicho hichohicho.

Sikutaka kuelewa. Nikasema nitavaa barakoa. Nikasema sitambeba, nitamwangalia tu kutoka mlangoni, naapa. Akaniuliza swali moja, kwa upole, ningefurahi kama angenitukana. Kasema, kaka, wewe utasimama mlangoni. Yeye sasa anatembea. Unadhani atakwenda kwa nani?

Nimerudi chumbani. Begi liko pale linaniangalia.

Jumatano, 12 Juni

Ruhusa ninayo. Mshahara ninao. Siwezi kwenda popote. Mimi ni mtu wa kwanza kujitengenezea jela na kuipigia makofi.

Mama watoto kapiga. Nimemdanganya kwamba msimamizi kakataa tena. Kamlaani msimamizi mpaka nikamwonea huruma. Kisha kampa kitindamimba simu. Napumua mimi, anapumua yeye. Pumzi yake safi kabisa, haina filimbi, haina mkwaruzo. Sikuwahi kujua pumzi ya mtu inaweza kusikilizwa kama redio. Nikakohoa. Naye akakohoa, ananiiga, akaangua kicheko!

Nikachukua vile viatu nikavitembeza mezani karibu na simu. Pwi-pwi. Mama watoto kasema mtoto kaigeuza simu, katazama nyuma yake, kaipekua, anatafuta miguu ya baba.

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.

Bingwa, aliyepona, kaniletea machungwa. Kayaweka mlangoni, kakimbia.

Jumatatu, 17 Juni

Nimepona. Nimepimwa: sina kitu. Kazini asubuhi na mapema. Bingwa kanipisha toroli zuri, kasema mgonjwa huheshimiwa. Kibinti kavuliwa oksijeni. Alinitazama, akaangalia kijiti mkononi mwa nesi, akanirushia kikombe. Afya hiyo!

Nimekwenda dirishani kumshukuru yule dada. Kasema anatumaini nimepata somo. Nimepata, nikamwambia. Kubwa sana. Tangu sasa sitacheza tena na virusi.

Kwa sababu mchana nimesikia jambo. Mlinzi wa getini kateguka kifundo cha mguu akiwa kazini, na kapewa majuma mawili. Mawili! Mshahara palepale! Jamani, kwa nini sikuwahi kuliwaza hili? Mguu hauambukizi mtoto. Hata akinikimbilia, hata akinipanda kichwani, mguu hauambukizi. Na ngazi za ghorofa ya pili hupigwa deki kila Alhamisi, zinateleza kama sabuni.

Mama watoto nimemwambia aanze kufagia uwanja, safari hii nakuja kweli.

Lipo suala moja dogo. Basi linaishia chini, na kutoka hapo mpaka nyumbani ni kupanda kilima kizima kwa miguu. Hilo nitalifikiria nikishateguka.